Buleteni za Mikomamanga

Jina lake silitaji, kwa sababu bado yuko hai na rula yake bado anayo. Hapa Kalemie, toka bandarini hadi Katanika, ukisema "Madamu Direktrisi", yaani mwalimu wetu mkuu, kila mtu aliyepita kwenye shule yetu ya msingi miaka ile ananyoosha mgongo kwanza, halafu ndipo anauliza, "Yuko wapi?" Alizaliwa wapi, wazazi wake walikuwa nani, mimi sijui, na sijamwona mtu mwenye ujasiri wa kumuuliza. Sisi tulidhani alikuja duniani na kengele mkononi.

Mimi ni fundi wa mota za mitumbwi. Nina karibu miaka hamsini, nina mke, watoto watano na kitambi. Pamoja na hayo yote, nikimwona Madamu anakuja upande wangu, mkono wa kulia unaanza wenyewe kutafuta kifungo cha juu cha shati. Na niseme mapema, msije mkaniita mnafiki baadaye: kwa zaidi ya miaka thelathini nilimficha mwanamke huyu kitu. Nilimwibia mti. Mwaka huu mti huohuo ukawa ndio kitu alichokuwa anakililia, na mtu pekee aliyekuwa nao ni mimi mwizi. Sasa tuendelee.

Madamu alitoa alama kwa kila kitu, juu ya ishirini. Mahubiri ya padri yalipata kumi na moja: "Amerudia ya Jumapili iliyopita." Mvua ya kwanza ilipata nane, kwa kuchelewa. Ukimpelekea samaki mikebuka wa kukaanga, alitafuna, akafumba macho, akasema "kumi na tatu, chumvi imekimbia darasa," na hapo ulitakiwa kushukuru. Siku moja msibani nilisimama karibu naye wakati jeneza linapita, nikamsikia ananong'ona, "Seremala, tisa." Marehemu mume wake, mtu mpole sana, aliwahi kutuambia kwamba yeye mwenyewe alipewa kumi na mbili mwaka wa harusi, na alilisema hilo kwa majivuno. Kupita zaidi ya kumi na sita hakukuwapo. Tulimuuliza kwa nini, akasema, "Nikitoa kumi na saba leo, kesho mtalala."

Nyuma ya nyumba yake, kwenye mteremko unaoshuka hadi ziwani, walisimama wanafunzi wake wa kudumu: mikomamanga saba. Vijiti vyake alivikusanya mmoja mmoja zamani. Vingine vilitoka Moba kwa masista, vingine vilivuka ziwa kutoka Kigoma katika kikapu cha mfanyabiashara, kimoja kilitoka Zongwe, na daftari aliloandikia kipi ni kipi likaliwa na mchwa. Kwa hiyo hakujua tena nani ni ndugu wa nani. Alisema haidhuru, darasani hatuulizi ukoo, tunauliza kazi.

Na kazi zao hazikufanana hata kidogo. Mtu asiyejua anadhani komamanga ni komamanga. Aje aone. Kulikuwa na Monsinyori, ganda la zambarau iliyoiva hadi kuwa nyeusi, taji limesimama, unaweza kumpigia magoti. Ukimpasua, punje nyeupe, chachu, mdomo unajikunja. Madamu alimwandikia: "Mavazi kumi na sita, sala tatu." Kulikuwa na Kinywa-Wazi, aliyepasuka wiki mbili kabla ya kuiva na kuita ndege wote wa wilaya. Kulikuwa na Jiwe, tunda kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, juisi tamu kabisa, lakini kokwa zake ni changarawe. Mjomba wangu aliacha jino pale. Ndimu hakuna aliyemla kwa hiari, lakini wanawake walimkamulia juu ya samaki, na kila mwaka alipata kumi kamili kwa sababu ana faida. Halafu Mutawa, mwenye maua mekundu, mazito, yamejaa matabaka kama gauni la bibi harusi, na hajazaa hata tunda moja maisha yake yote. Kwenye buleteni yake, yaani ripoti ya alama kama ya mtoto wa shule, kulikuwa na neno lilelile miaka yote: "Anajitahidi katika kuimba."

Waliobaki ni wawili, na hao ndio habari yenyewe. Wa Kwanza alisimama chini kabisa, karibu na ziwa, pale maji ya bafu yalipotiririkia. Ganda jembamba, la njano, na shavu jekundu upande wa jua. Punje za waridi, na kokwa laini hivi kwamba ulizitafuna bila kujua kwamba umetafuna kitu. Mama yangu alipokuwa mgonjwa sana na mimba ya dada yangu, chakula pekee kilichokaa tumboni mwake kilikuwa hicho. Wa Mwisho alisimama juu, ubavuni mwa ukuta wa choo, kwenye mawe mekundu. Matunda yake yalikuwa kama ngumi ya mtoto, ganda gumu lenye makovu, punje za kuhesabika. Niliwahi kula moja nikiwa mdogo, nikaona kokwa zake nazo ni laini. Nikadhani ni njaa.

Madamu alikuwa na mkono wazi na mkono uliofungwa. Matunda aligawa bure. Ukipita tu unaitwa, unapewa, unakula mbele yake, na unatoa jibu. Ole wako useme "tamu". "Tamu si jibu. Tamu namna gani?" Mvuvi mmoja wa Zongwe aliyekuja kuuza dagaa alikaa pale nusu saa akitafuta neno, hadi dagaa wake wakaanza kunuka. Lakini kijiti cha kupanda hakutoa kwa mtu yeyote. Paroko aliomba, akakosa. Mkubwa mmoja wa serikali alituma gari, gari likarudi na matunda matano na methali kwenye karatasi. "Tunda ni zawadi," alisema Madamu. "Muti unabaki shuleni."

Mama yangu, alipopona, alitaka mti huo kuliko alivyotaka bati la nyumba. Akapanda kokwa za Wa Kwanza. Tulingoja miaka mitatu. Tulipokula tunda la kwanza, sote wanne tulitoka nje kutema. Uchachu wa Ndimu, changarawe za Jiwe, na ganda lilipasuka juu yake. Mama akashika kiuno: "Yule mwanamuke anapika mbegu! Anazipika kwanza, mbele ya kutupatia sisi!" Mtaa mzima uliamini. Kwa muda mrefu watu walikula makomamanga ya Madamu wakitazama jikoni kwake kama kuna sufuria.

Ukweli nilikuja kuupata darasa la tano, kwenye somo la sayansi, kutoka kwake mwenyewe. Aliandika ubaoni, akapiga rula mezani: "Mbegu ni mutoto. Ana baba, ana mama, na nyuki ndiye aliyepanga ndoa. Hujui atafanana na nani. Lakini kijiti si mutoto. Kijiti njo mwenyewe!" Darasa zima lilirudia kwa sauti: kijiti njo mwenyewe, yaani kijiti ndio mti wenyewe. Mimi nililirudia kwa sauti zaidi ya wote. Kosa lake la pekee katika ualimu wake wote ni kwamba siku hiyo alitufundisha vizuri.

Mwaka huo nilikuwa wa mwisho darasani, kama kawaida yangu, na nilikosa kupita kwa alama mbili za konduite, yaani tabia. Adhabu yangu ilikuwa kumwagilia mikomamanga kila Jumamosi. Unaona mwenyewe kosa liko wapi. Jumamosi ya tatu nilikata kijiti cha Wa Kwanza, urefu wa shibiri moja, nikakitia ndani ya kaptula, kikalala kwenye paja. Nilikuwa nimesahau kwamba mkomamanga una miiba. Madamu akatokea mlangoni.

"Unatembea namna gani hivyo?"

"Tumbo, Madamu."

"Tumbo linauma muguuni?"

"Limeshuka, Madamu."

Akaniketisha. Mama yangu! Akaniketisha juu ya kiti cha mbao, juu ya ile miiba, akaniletea kikombe cha majani ya mpera yaliyochemshwa, machungu hadi machozi, na akasimama hadi nimalize. Nilikunywa vyote. Nilipofika nyumbani nilikuwa na kijiti, matundu manne kwenye paja na tumbo lililoanza kuuma kweli. Mama alikitazama kijiti, akanitazama mimi. Alienda kuchimba shimo.

Mti ulikua. Ulikuwa Wa Kwanza mwenyewe, shavu jekundu na kila kitu. Wageni tuliwaambia umetoka Kigoma. Mke wangu nilipomwoa nilimwambia Kigoma, naye hata alipoujua ukweli akaongeza chumvi yake, akawa anawaelezea watu hadi jina la kijiji. Tatizo lilikuwa Madamu mwenyewe, kwa sababu alikuwa mtu wa kutembelea wanafunzi wake wa zamani bila taarifa. Mtoto akipiga mbio kutoka barabarani akisema "Anakuja!", sisi tulitoa mashuka yote, vitenge vyote, hata pazia, tukavilowesha na kuvianika juu ya mti hadi usionekane jani. Ubatizo wa mtoto wa tatu tulianika hadi nguo za wageni. Madamu alikaa, akanywa fanta yake, akatazama ule mlima wa nguo, akamwambia mke wangu, "Familia hii inafua sana. Kumi na tano." Mke wangu anaikumbuka alama hiyo hadi leo.

Alipostaafu ndipo buleteni zilipoanza. Shule ilimpa kitenge na saa ya ukutani, naye akajipa mwenyewe bunda la buleteni tupu lililobaki kwenye kabati. Kila mwisho wa mwaka wa shule alimwita jirani mmoja mmoja, kwa sababu kila mti alikuwa ameupa mzazi. Si mchezo. Mama mmoja muuza mihogo alikuwa mzazi wa Kinywa-Wazi, na kila mwaka alisimama pale mikono nyuma akisema, "Madamu, nyumbani tunamwambia, hasikii." Alama zilisomwa: ganda, rangi, utamu, kokwa, maji, konduite. Halafu uamuzi: anapita, au anarudilia mwaka. Mzazi anatia saini. Tulicheka hadi barabara ya bandari, lakini hakuna aliyekosa kufika.

Mimi nilipewa Wa Mwisho. "Mutaelewana," alisema.

Basi kila mwaka nilitia saini buleteni ya mti uliofeli, nikarudi nyumbani kula matunda ya ule niliouiba. Raha niliyopata hapo ni kidogo kuliko unavyodhani.

Kuna kijana wa chuo kikuu, mwanafunzi wa kilimo, aliyekuja na kipimo cha chuma, mizani ndogo na vifuko. Alikuwa anakusanya habari za makomamanga ya pwani ya ziwa. Alipima unene wa maganda, akahesabu punje, akaonja maji kwa chombo cha kioo, akachuma majani ya miti yote saba apeleke maabara wakaangalie damu yake, kama alivyotuelezea. Madamu alimfuata hatua kwa hatua. Alipoona anaandika kwa penseli, akamnyang'anya na kumpa kalamu ya biki. Alipoondoka tulisubiri alama. "Kumi na nne," akasema. "Angesalimia miti, ningempa kumi na tano."

Miezi michache baadaye Wa Mwisho alifeli mwaka wa tatu mfululizo. Nilisimama pale kama mzazi. Madamu alisoma alama polepole, akavua miwani. "Anafukuzwa."

"Madamu, nakuomba, mupe mwaka mumoja tu."

"Wewe nilikupa mwaka. Uliufanya nini?"

"Nimekuwa fundi, Madamu."

"Huyu hawezi kuwa fundi. Panga iko jikoni."

Nilikata mimi. Mzazi ndiye anayemtoa mtoto shuleni, ndiyo sheria, alisema. Nilipomaliza, alinipa maji ya kunywa na hakutazama kisiki. Mimi nilikitazama sana. Ule mti haukuwa na kosa ila kusimama mahali pabaya, lakini nani angemwambia Madamu maneno hayo? Nilitia saini.

Halafu ziwa likapanda. Mlio hapa mnajua. Lilikula barabara, likaingia kwenye nyumba za chini, samaki wakaogelea kwenye jikoni za watu. Kwa Madamu lilianza kwenye bafu, likafika kwenye miguu ya Wa Kwanza. Tulipanga mifuko ya mchanga. Nilileta mota yangu na pampu, nikavuta maji siku sita, ziwa likanitazama tu. Madamu alivaa buti za mpira za marehemu mume wake, akasimama kwenye maji kando ya mti akiusemesha: "Vumilia. Vumilia, mutoto wangu, wiki moja tu." Majani yakawa ya njano, yakaanguka yote. Ndipo mwanamke huyu, ambaye hakuwahi kutoa kijiti hata kwa paroko, akakata vijiti kumi na viwili, akavipanda kwenye mikebe ya maziwa, akavipanga dirishani. Amechelewa. Vilikauka kimoja kimoja.

Mkebe wa mwisho ulikuwa bado dirishani siku ujumbe wa yule kijana ulipoingia kwenye simu. Miwani ya Madamu ilikuwa imechakaa, kwa hiyo nilisoma mimi, kwa sauti, majirani wakiwa wamejaa. Kijana alieleza kwamba miti mitano ni tofauti kabisa, kila mmoja na ukoo wake, na kwamba inatakiwa ihifadhiwe. Halafu nikafika mahali fulani, nikanyamaza.

"Soma."

"Madamu, mutandao unasumbua."

"Soma, wewe!"

Nikasoma. Wa Kwanza na Wa Mwisho hawakuwa ndugu. Walikuwa mti mmoja. Vijiti viwili vya mama mmoja, mmoja umepandwa kwenye maji ya bafu, mwingine kwenye mawe. Mmoja amekufa kwa ziwa. Mwingine tumeukata.

Muuza mihogo alianza kusema "Pole," akaishia katikati. Madamu alikaa kwenye kile kiti cha mbao. "Kumbe," alisema. Baadaye kidogo akasema, hamwambii mtu: "Nilifundisha miaka arobaini. Nimewafukuza wangapi?"

Tangu siku hiyo aliacha kutoa alama. Hamwezi kuelewa jinsi mtaa ulivyoogopa. Mke wangu alimpelekea samaki walioungua upande mmoja, kwa makusudi kabisa, amchokoze. Madamu akala, akasema, "Asante." Asante tu! Mke wangu alirudi nyumbani analia. Padri alihubiri hadi watoto wakalala chini ya mabenchi, sote tukamgeukia Madamu, naye akatazama dirisha. Majirani walianza kusema wenyewe kwa wenyewe kwamba bibi anakwisha.

Mama yangu, ambaye sasa ni mzee na ulimi wake bado mchanga, aliniita chini ya ule mti.

"Mupelekee."

"Ataniua."

"Siku za muizi ni makumi ine."

"Mama, hii ni miaka thelathini na kitu. Na matunda wewe pia ulikula!"

"Mimi nilikula. Kuiba njo wewe." Akanyanyua fimbo yake akaangusha tunda moja zuri, lenye shavu. "Anakufa kwa ajili ya kitu chenye kuwa hapa kwetu. Kifungo cha shati hicho, funga."

Jumapili baada ya misa nilienda. Tunda nililifunga kwenye kitambaa safi nilichokipata karakana. Madamu alikuwa amekaa kwenye baraza, rula juu ya mapaja, haina kazi. Nilimwekea tunda mkononi bila salamu ya maana. Alilipima kwa kiganja. Akapapasa shavu lake. Akalipasua kwa vidole, kama alivyofanya siku zote, akatia punje mdomoni. Alitafuna, akaacha, akatafuna tena. Macho yakamtoka.

"Linanuka esanse," alisema.

"Ni kitambaa, Madamu. Mafuta ya mota."

"Na huyu ni Wa Kwanza. Ulimutoa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa, nimekariri hotuba nzima njiani. Lakini mdomo una mazoea yake. "Kigoma," nikasema.

"Kigoma wapi?"

"Madamu..." Nikapapasa kifungo cha shati. "Ndani ya kaptula yangu."

Nikamwambia yote, hadi chai ya majani ya mpera. Kila neno lilipotoka, yeye alisimama kidogo zaidi, hadi akawa amesimama kabisa, na mimi nikaona mambo mawili kwa pamoja: kwamba amekasirika kweli, na kwamba amepona.

"Piga magoti!"

Nikapiga. Karibu miaka hamsini, kitambi, suruali ya misa, magoti kwenye saruji, mikono juu. Majirani wakatoka, muuza mihogo akaanza kupiga vigelegele, mtu mmoja akapiga picha ambayo hadi leo watu wanatumiana. Madamu alizunguka mara mbili. "Muizi! Muongo! Nilikupa dawa ya tumbo!" Halafu akapiga rula kwenye nguzo. "Simama. Nipeleke."

Tulipanda kilima, yeye mbele na mimi nyuma, na nyuma yangu mtaa wote. Nilisahau jambo moja. Mtoto wangu alimwona kutoka mbali, akapiga mbio, akasema "Anakuja!", na mke wangu, maskini, kwa mazoea ya miaka ishirini, akafanya kazi yake. Tulipoingia uani mti ulikuwa umefunikwa kabisa: mashuka, vitenge, pazia, na suruali yangu ya kazini juu kileleni.

Madamu alisimama. "Kumi na tano niliyotoa ya kufua," alimwambia mke wangu, "naiondoa."

Akashika shuka la mbele akalivuta, na lile la pili, polepole. Matunda yalikuwa yamejaa. Akaweka kiganja kwenye shina akaliacha hapo. Halafu Madamu Direktrisi akalia, mbele ya watu wote, kwa sauti, bila kujificha. Sisi tukatazama miguu yetu. "Ni huyuhuyu," alisema. "Nilimufukuza, naye alikuwa huyuhuyu."

Mama yangu alijikongoja akamshika mkono. Walikaa wawili chini ya nguo mbichi zinazodondosha maji, wakala tunda moja kwa zamu, na mama akamwomba msamaha kwa habari ya kupika mbegu, jambo ambalo Madamu hakuwahi kulisikia, ikabidi aelezwe upya.

Siku hiyo vijiti vilikatwa, kila nyumba kimoja. Aligawa yeye mwenyewe, vya mti wangu na vya ile mitano yake. Muuza mihogo alipata cha Monsinyori, akalalamika, akaambiwa kazi njema.

Kabla ya kuondoka alifungua mkoba akatoa buleteni tupu, moja ya zile za zamani, kingo zimekuwa njano. Akaandika kwa biki nyekundu, juu ya goti, muda mrefu. Nilidhani ni ya mti. Ilikuwa na jina langu. Utunzaji wa mti: kumi na nane. Nilisoma mara mbili, nikamwonyesha mke wangu, naye akasoma. Kumi na nane! Kwenye harufu alinipunguzia alama moja kwa ajili ya esanse. Kwenye konduite aliandika: "Mbaya sana." Na chini, kwenye uamuzi, palepale ambapo mwaka ule wa darasa la tano paliandikwa neno lingine, aliandika: "Anapita."

Nikamtazama, karatasi mkononi.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Haijatiwa saini ya muzazi. Jumatatu, saa moja na nusu, niione."

Miaka yangu yote ya shule mama hakuwahi kuona buleteni yangu hata moja. Nilizitia saini mwenyewe nyuma ya choo. Nikampelekea hii. Hajui kusoma, akaniambia nimsomee yote, nisiruke. Nikasoma hadi konduite, akanipiga kofi la kichwa. Nikasoma uamuzi. Akapangusa kidole kwenye kitenge.

"Biki," akasema. "Na unionyeshe pa kuandika."